Shahidi wa Hewa

Pafu la Mzee Shemhilu lilielea katikati ya chumba, kubwa kama mlango, likiwaka rangi ya waridi. Pafu lenyewe lilikuwa bado kifuani mwa mwenyewe, naye alilala kitandani akilitazama kama mtu anayetazama mafundi wakitembea juu ya paa la nyumba yake. Lililoelea lilikuwa picha-hewa, iliyochorwa kwa mwanga na mtambo uitwao Kifunguakinga. Upande wa juu wa pafu palikuwa na tundu, na ndani ya tundu hilo donge la kijivu, mfano wa sufi iliyolowa.

"Tazama pembeni ya tundu, mzee," alisema Dokta Hidaya Mbwambo. "Wanaamka."

Vitone vya buluu, vilivyokuwa vimetulia kando ya tundu kama walinzi waliosinzia, vilianza kutikisika. Kimoja kikasogea, kikafuata kingine, kisha kundi zima likalizunguka donge na kuanza kulimega.

"Hao wangu!" alipaza sauti mke wa mzee, aliyekaa kiti cha pembeni, kidole chake kikiwa ndani ya kikombe cha kusomea damu.

"Ni wa mumeo, mama. Wewe umewaonyesha njia tu."

"Basi ni vilevile. Hata sokoni hafiki bila mimi kumwonyesha njia."

Mzee Shemhilu akataka kucheka, akakohoa. Dada zake waliokuwa nje ya mlango walisikia kikohozi kilichochanganyika na kicheko, wakapiga vigelegele.

Inafaa kueleza mtambo huo ulifanya nini, maana watu wengi wa Tanga walioutumia hawakuuelewa, na waliokuja kuulaumu baadaye waliuelewa pungufu zaidi.

Ukungu tunaouona juu ya mkate uliolala una ndugu wengi, na mbegu zao huelea hewani kila mahali. Kila mtu huzivuta. Mwenye mapafu mazima hazimdhuru, kwa kuwa damu ina askari wake, nao huziua zikingali changa. Lakini mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu huweza kubaki na tundu pafuni, na tundu ni nyumba tupu. Ukungu ukishaingia humo hukaa miaka. Askari wa damu hupigana nao, huchoka, na mwisho huweka silaha chini. Huo si uvivu. Kila askari ana kitasa juu ya ngozi yake, na vita ikiwa ndefu mno mwili hukifunga kitasa hicho, ili askari wasije wakaiteketeza nyumba wanayoilinda. Ukungu sugu hunufaika hapo. Hujikalia nyuma ya askari waliofungwa, ukastawi.

Madaktari wa zamani walipata dawa ya kuziba kitasa kisifungwe. Iliwaamsha askari, lakini iliwaamsha wote kwa pamoja, wenye adui na wasio na adui. Wasio na adui waligeukia moyo, utumbo, tezi za shingo. Mgonjwa aliweza kupona ukungu akafa kwa mikono ya askari wake mwenyewe.

Hidaya ndiye aliyelitatua hilo. Kifunguakinga chake kiliwafungua wale tu walioujua ukungu wa mgonjwa. Ili kuwatambua, kilihitaji kusoma damu ya mtu mwingine, mwenye afya, ambaye kwa miaka mingi amevuta mbegu za ukoo uleule wa ukungu na akazishinda. Askari wa mtu huyo walikuwa kama ramani kwa askari wa mgonjwa. Hidaya alimwita mtu huyo shahidi wa hewa.

Jina hilo lilitoka katika Taasisi ya Pumzi likaingia mitaani. Mara nyingi shahidi alikuwa mke au mume, kwa sababu waliolala chumba kimoja wamevuta vumbi moja, na haukupita muda Tanga ikaligeuza jambo la damu kuwa jambo la heshima. Wanawake waliokubaliwa na mtambo waliandaliwa mandari, mashoga zao wakashona sare. Bibi mmoja wa Chumbageni, ambaye mtambo ulimkataa ukamchagua mama mkwe wake, alinuna mpaka bwana akatoka wodini. Hidaya alizicheka hadithi hizo. Alikuwa mtu wa sayansi. Zaidi ya hayo, alijua zamu yake ikifika jina litakalotoka ni la nani.

Na zamu yake ilifika. Mumewe, Kibwana Mwinjaka, alikuwa fundi wa milingoti ya upepo, ile minara mirefu iliyopangwa pwani yote mpaka Pangani na kuupa mji umeme. Ujanani aliugua kifua kikuu akapona, akabaki na tundu. Sasa alikuwa amelazwa katika taasisi ya mkewe, na donge lake lilikuwa kubwa kuliko la Mzee Shemhilu. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, na kila alipokohoa alikificha kitambaa ili Hidaya asione damu, kana kwamba Hidaya hakuwa daktari.

Asubuhi ya kipimo Hidaya alivaa gauni jipya. Nesi mkuu, Chediel, Mpare mwenzake aliyekaribia kustaafu, alimwona akasema, "Leo bosi umekuja kama bibi harusi. Nikaite wapiga picha?"

"Kaa nje, Chediel."

"Nakaa. Mambo ya mke na mume."

Hidaya alikaa kiti cha shahidi akaingiza kidole kikombeni. Majibu yalimjia kwenye miwani-soma yake, ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuisoma. Maandishi yalikuwa madogo na ya adabu, kama alivyoyapanga mwenyewe. Shahidi hafai. Ukoo wa ukungu haufanani. Kisha chini yake: Shahidi bora katika Hazina ya Damu ni Mwanakombo Bofu, mkazi wa Duga.

Hazina ya Damu ilikuwa ghala ambamo kila raia aliacha tone lake siku ya chanjo. Hidaya alikuwa amehangaika katika wizara mpaka mtambo wake ukaruhusiwa kutafuta humo.

"Vipi, Mama Rukia?" aliuliza Kibwana kutoka kitandani. "Shahidi amepatikana?"

"Nani mwingine angekuwa?" alijibu Hidaya.

Kibwana akafumba macho. "Alhamdulillahi," alisema polepole.

Hidaya aliuona unafuu ukipita usoni mwa mumewe, akauchukia kabla ya kujua sababu. Alimwambia wataanza baada ya vipimo vingine viwili vitatu, akatoka.

Nyumbani hakupekua mashati. Mbali na udaktari alikuwa mhandisi, akaanza na alilolijua. Ukungu wa ukoo mmoja, kwa miaka, na kwa karibu sana. Watu hawaupati kwa kupeana mikono barabarani. Unahitaji chumba. Basi akakijenga chumba hicho kichwani: dirisha lake, pazia lake, kitanda chake, na kila alichokiweka humo alikichukia. Kisha akazikumbuka Jumamosi. Kwa miaka mingi Kibwana alikwenda Pangani kila Jumamosi kutia grisi milingoti, hata baada ya roboti kupewa kazi ya grisi. Akirudi, alikuwa mwepesi kama mtoto, akala sana, akalala fofofo. Na midomo! Hidaya alisimama katikati ya sebule mkono ukiwa kifuani. Midomo ya Kibwana siku za Jumamosi ilirudi imevimba na nyekundu. Alipouliza, aliambiwa ni upepo wa bahari, naye, daktari wa mapafu, akaleta mafuta ya kuipaka.

Kesho yake alikwenda Duga kwa baiskeli. Tanga ilikuwa bado mji wa baiskeli, ila sasa zilijiendesha, na mpandaji alikuwa huru kutazama njiani au kuwaza. Hidaya aliwaza. Alimuumba mwanamke kijana, mwenye kiuno na sauti laini, akamtukana njia nzima.

Nyumba ilikuwa ya mwisho katika mtaa wake. Barazani alikaa mwanamke mnene, mzee kuliko Hidaya, amekunja miguu juu ya mkeka, akichana jani kavu la mti wa mvumo kwa kisu kidogo. Hakuwa mzuri. Hilo lilimuumiza Hidaya zaidi.

"Hodi."

"Karibu. Pita, usiogope hilo roboti, linafagia tu, akili halina."

Hidaya alipita. Shikamoo ilimkwama kooni akaiacha hukohuko.

"Siku hizi shikamoo imefutwa?" aliuliza mwenyeji.

"Nimekuja kwa shughuli za hospitali. Wewe ndiye Mwanakombo Bofu?"

"Ndimi. Na viatu hujavua." Mwanamke yule alimtazama kuanzia chini mpaka juu, akatabasamu. "Hidaya! Kibwana alisema ukikasirika shingo inarefuka, nikadhani anatia chumvi. Karibu, mke mwenzangu."

"Umesemaje?"

"Nakutania, mama. Ningemtaka Kibwana ningemchukua wewe ukiwa bado na sare ya shule. Keti. Anaendeleaje?"

"Nani kakwambia anaumwa?"

"Aniambie nani? Nilimsikia akiishiwa pumzi kabla wewe hujamsikia."

Hidaya hakuketi. Mwanakombo aliinuka kwa kishindo, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Alipokifungua, Hidaya alikijua mara moja. Kilikuwa zumari, mti mweusi wenye mdomo mpana na pete ya shaba.

Aliwahi kulishika zumari hilo, zamani. Baba yake, mwalimu wa madrasa, alisema hamwozi binti yake kwa mpiga zumari wa ngomani, na Hidaya mwenyewe, aliyekuwa chuo kikuu na aliyeona haya mbele ya wenzake, alimwambia Kibwana achague. Kibwana alilifunga zumari mbele ya macho yake akaliondoa. Hidaya alipata shahada na tuzo nyingi baada ya hapo, lakini ushindi wa kwanza maishani mwake ulikuwa ule.

"Alirudi lini?" aliuliza.

"Rukia alipoanza kutembea. Alikuja akakaa hapo ulipo, akasema, Mwanakombo, nyumbani kila kitu kipo lakini kifua kinaniwasha. Nikampa. Akalia kwanza, ndipo akapiga."

"Mkapiga wapi?"

"Harusini, wapi tena? Kila Jumamosi. Mitambo inaweza kupiga mchana kutwa bila kupumua, ndiyo maana hakuna anayeisikiliza. Watu wanataka kuona mashavu yakivimba na jasho likitoka. Ila zumari halitakiwi kunyamaza kutoka nyumbani kwa bwana mpaka kwa bibi harusi, na mtu mmoja hawezi. Basi tunapokezana. Mimi nikiishiwa namtia yeye mdomoni, naye akiishiwa ananirudishia."

"Hamfuti?"

"Tufute? Ulimi ukikauka sauti inapasuka." Alimwonyesha ulimi wa zumari, vipande viwili vyembamba vya jani la mvumo vilivyofungwa kwa uzi. "Huu unakaa na mate siku zote. Jumamosi hadi Jumamosi naulaza ndani ya kopo, kwenye kitambaa kibichi, nafunika. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake."

Hidaya alilitazama kopo. Jani, mate, unyevu, giza. Kama angetaka kuotesha ukungu katika maabara yake asingetengeneza chombo bora zaidi ya kile. Kwa miaka yote hiyo wawili hao walivuta kutoka kopo moja. Mwanakombo alikuwa na mapafu mazima, askari wake wakaushinda. Kibwana alikuwa na tundu.

"Kwa hiyo nyinyi hamku..."

"Hatukulala pamoja. Sema tu, mimi mtu mzima. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akitupigia ngoma."

Habari hiyo ilipaswa kumtuliza. Haikumtuliza. Kulala na mwanamke lilikuwa kosa lenye mipaka. Watu hulikiri, hulia, husameheana au huachana. Hili halikuwa na jina. Kibwana alichota pumzi kutoka chini kabisa ya kifua, pumzi ya moto, akampa mwanamke huyu mdomoni, akaipokea tena kutoka kwake, mbele ya watu, kila wiki, na akarudi nyumbani mwenye furaha. Yeye mkewe alipewa midomo iliyochoka ili aipake mafuta.

"Sasa niambie nije lini," alisema Mwanakombo akivaa ushungi. "Si ndicho kilichokuleta? Mji mzima unajua habari za shahidi. Hapa mtaani nimeshawaambia, Kibwana akilazwa watakayemwita ni mimi."

Labda bila maneno hayo ya mwisho mambo yangekwenda vingine. Hidaya alimwona akilini mwanamke yule amevaa sare, amekaa kiti cha shahidi, vigelegele vikimpokea katika jengo ambalo yeye Hidaya alilijenga.

"Hutahitajika," alisema. "Shahidi ameshapatikana."

Mwanakombo alisimama na ushungi mkononi. "Nani?"

"Mkewe."

Kifunguakinga kilikuwa na kiwango cha ufanano. Shahidi akiwa chini ya kiwango hicho, mtambo uligoma. Hidaya mwenyewe alikiweka, na kama mhandisi mkuu alikuwa na ufunguo wa kukishusha kwa ajili ya majaribio. Alikishusha. Alijiambia kwamba tangu awali kiwango kilikuwa cha tahadhari kupita kiasi, kwamba yeye na Kibwana wamelala chumba kimoja tangu waoane, kwamba ufanano mdogo si sawa na kutofanana kabisa. Alijiambia hayo kwa lugha ya kitaalamu, na lugha ya kitaalamu ni nzuri sana kwa kazi hiyo, kwa sababu haina mahali pa kusema nina wivu.

Siku ya tiba vigelegele vilijaa ukumbini. Mawifi walimfunga Hidaya kanga mpya kiunoni, naye akakaa kiti cha shahidi, kidole kikombeni, mkono mwingine ukiwa umemshika mumewe. Pafu la Kibwana likaelea juu yao. Vitone vya buluu vikatikisika, vikaamka, na Chediel akapiga kofi moja.

"Hongera, bosi! Mtambo umekutambua."

Hidaya alifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi yake. Kibwana alivitazama vitone kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

Kesho yake Chediel alisimama chini ya picha-hewa akikuna kidevu.

"Dokta, hawa wanazurura."

"Wanajipanga."

"Wanajipanga wapi? Donge liko huku, wao wako kule."

"Wape muda, Chediel."

Askari aliyefunguliwa bila kuonyeshwa adui harudi kulala. Hutafuta. Wale waliofunguliwa kwa ramani ya Hidaya walilijua vumbi la nyumba ya Hidaya, mazulia yake, mito yake, paka wake wa zamani, na hivyo vyote havikuwemo katika pafu la Kibwana. Walizunguka siku nzima. Kibwana akashikwa na homa. Kisha vitone vikaanza kutua juu ya sehemu nzima za pafu, ile nyama safi ya waridi isiyokuwa na kosa lolote, na kila vilipotua waridi iligeuka nyeupe. Pumzi ya Kibwana ikawa fupi, ikawa ya juujuu, na donge la kijivu likabaki pale lilipo bila kuguswa.

Chediel alikuja akasimama mbele ya Hidaya. Safari hii hakutania.

"Bosi, nionyeshe kiwango cha shahidi."

Hidaya aliendelea kuitazama picha-hewa.

"Bosi. Huyu mtu anakata pumzi."

"Nilikishusha."

Chediel alivuta kiti akakaa, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele yake. "Kuna mwingine anayefaa?"

"Yupo Duga."

"Ulijua?"

"Nilikwenda mpaka kwake."

Mzee yule alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nitampa dawa ya kuwatuliza askari. Lakini nikiwatuliza, ukungu nao utapata nafasi, wewe unajua kuliko mimi. Nenda kamlete. Usipige simu wala usitume roboti. Nenda mwenyewe."

Mwanakombo alikuwa barazani palepale. Safari hii Hidaya alivua viatu mbali, akasema, "Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba." Mwanakombo alimtazama mara moja tu usoni, kisu kikamtoka mkononi. "Umemfanya nini?"

Hidaya alimweleza akiwa amesimama. Alipomaliza, Mwanakombo alikuwa ameshajifunga ushungi.

"Ungenitukana siku ile ningekuvumilia," alisema. "Ungenipiga, sawa, mwanamke na mwenzake. Wewe ukaniaga kwa adabu, ukaenda kumfungulia mbwa ndani ya nyumba. Tangulia. Huko njiani usiseme na mimi."

Hakuna aliyepiga vigelegele walipoingia. Mwanakombo alikataa kushikwa na mtu mwingine, akamnyoshea Hidaya mkono. "Niweke wewe," alisema. Hidaya alikishika kidole kile, kinene, kigumu kwenye ncha kwa kuziba matundu ya zumari, akakiingiza kikombeni kwa mkono wake mwenyewe. Mtambo haukusita hata kidogo. Vitone vya buluu vilivyotapakaa pafuni vikatulia, vikageuka kwa pamoja, vikaelekea kwenye donge.

Hidaya alitoka akasimama nyuma ya kioo, mahali pa mhandisi.

Kibwana alifumbua macho akamwona aliyekaa kando yake. Hawakuzungumza; yeye hakuweza na Mwanakombo hakutaka kumchosha. Lakini baada ya muda Hidaya aliona jambo ambalo Chediel, aliyekuwa akitazama picha-hewa, hakuliona. Mwanakombo alipotoa pumzi, Kibwana alivuta. Kibwana alipotoa, Mwanakombo alivuta. Walikuwa wakipokezana. Kila pumzi iliyomshinda mgonjwa, mwenzake alikuwa tayari upande wa pili kuipokea na kumrudishia, kama barabarani mbele ya maharusi. Hakuna mtambo uliowaelekeza.

Wivu aliokuwa nao Duga ulikuwa mdogo. Huu ulimjaa mpaka kwenye meno. Kulia kwake palikuwa na kitufe cha kusimamisha kila kitu, naye akaukuta mkono wake uko juu yake. Aliuondoa, akautia mfukoni, akaushikilia humo kwa mkono wa pili kama anayemshika mwizi, na akabaki hivyo mpaka donge likaisha.

Kibwana alipona ukungu. Sehemu zilizogeuka nyeupe hazikurudi. Taasisi ilimpa mshipi wa pumzi, mkanda mpana unaozunguka kifua, wenye vyuma vyembamba vinavyozivuta mbavu na kuziachia, sawasawa, mchana na usiku. Kwa mshipi huo angeweza kuishi, kula, hata kutembea barazani. Hakuweza kupuliza hata mshumaa.

Hidaya alieleza yote mbele ya bodi, hakupunguza. Walimnyang'anya ufunguo wakampa Chediel usimamizi, naye Chediel akaahirisha kustaafu. Bodi iliamua pia kwamba tangu siku hiyo jina la shahidi lisijulikane kwa mgonjwa wala kwa jamaa zake. Mtambo uliendelea kuponya watu. Mjini walilalamika kwamba mandari zimekwisha.

Jumamosi moja alasiri Hidaya alimkuta mumewe barazani. Alivuta kigoda akakaa miguuni pake. Mshipi ulisikika kidogo, kama mtu anayekunja na kukunjua karatasi.

"Mtambo ulinitajia Mwanakombo siku ile ya kwanza," alisema.

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna." Kibwana alizungumza kwa vipande, akisubiri mshipi umpe pumzi ya kipande kinachofuata. "Mimi nilijua... kabla hujaingiza kidole. Nani mwingine angekuwa? Uliposema ni wewe... nikajua unadanganya. Nikashukuru."

"Ukashukuru?"

"Nikasema... huenda mtambo utanisitiri. Nitapona... na wewe hutaniuliza. Ningesema neno moja tu... haya yasingetokea." Alisubiri. "Niliuogopa uso wako, Hidaya... kuliko ukungu."

Hidaya aliinamisha kichwa. Mshipi uliendelea na kazi yake.

"Niliitaka iwe yangu," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Pumzi yako. Yote."

Kibwana alicheka, na mshipi ukakikata kicheko chake vipande vilivyolingana. Alimshika mkono.

"Basi njoo uichukue," alisema. "Sasa haiendi kokote."

Hidaya alisogea. Alikiweka kiganja chake juu ya kifua cha mumewe, akafumba macho, akasubiri. Kilichopanda na kushuka chini ya kiganja kile kilikuwa mshipi.